Binti Gunzi Atia Muheza Mfukoni

Kitendawili! Itikia basi, usinitazame kama umenyimwa chumvi. Haya: nikipendwa nachakaa, nisipopendwa nabaki mpya.

Usijibu upesi. Mimi nilijibu upesi, nikaponea chupuchupu kupoteza mji mzima na mjukuu wangu ndani yake.

Usiku wa jana niliota niko jikoni kwangu, hapahapa Muheza, nimekaa kwenye mbuzi nakuna nazi. Birika liko mekoni linaimba kaswida. Mlango ukabishwa. Nikasema karibu. Akaingia Binti Gunzi.

Kama hukumsoma, nikwambie. Binti Gunzi ni yule mwanasesere wa kitabu chetu cha hadithi cha shuleni, mwenye gauni la kitambaa cha kanga na jicho moja la kifungo. Alikuwa akitega vitendawili kila ukurasa, nasi tukimpenda kuliko mwalimu. Kitabuni alikuwa na urefu wa kidole. Mlangoni kwangu aliinama asigonge kichwa.

Nikamwamkia mimi, maana yeye alikuwa kitabuni kabla sijaanza darasa la kwanza.

"Shikamoo."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umezeeka?"

"Ndiyo dunia. Wewe mbona umenenepa?"

"Miji hiyo," akasema, akapigapiga mfuko wa gauni lake. Mfukoni mkasikika honi ya basi na jogoo anawika.

Nikampa kiti. Akasema ahsante, lakini akikaa ataiponda Korogwe.

"Huyu si mtoto wa bandia?" likauliza birika.

"Bandia ni noti," akasema Binti Gunzi. "Mimi ni mwanasesere."

Birika likaomba radhi.

Nikamwuliza alizaliwa wapi, maana kitabu hakikusema.

"Kwenye hindi," akasema. "Watu wakala punje, nikabaki mimi. Msichana mmoja akanifunga kitambaa kiunoni, akanibeba mgongoni, nikawa mtu. Fukusi waliponila tumbo akanijaza sufi. Baba yake alikuwa mwalimu. Akanichora, akanipeleka mjini, na huko wakanipiga chapa."

"Wakakupiga?"

"Chapa. Maelfu. Sikulia."

Birika likasema pole sana.

Mara hatuko jikoni. Tuko darasani, darasa langu la pili, na magoti yangu hayaingii chini ya dawati. Birika limekaa pembeni yangu, limevaa sare. Binti Gunzi yuko ubaoni na fimbo.

"Kitendawili!"

"Tega!" tunaitikia, mimi na birika.

"Nikipendwa nachakaa, nisipopendwa nabaki mpya."

Nikakitambua. Ndicho kitendawili cha mwisho kitabuni. Jibu lilikuwa ukurasa uliofuata, wa mwisho kabisa, wala hakuna mtoto shuleni kwetu aliyewahi kuliona, maana kila kitabu kilikuwa kimechanwa mwishoni.

"Kanga," nikasema.

"Kanga isipovaliwa huliwa na mende."

"Sabuni," likasema birika.

"Sabuni haichakai, inakwisha. Nyamaza, wewe mwenye masizi."

"Mume," nikasema.

Akafikiri kidogo. "Hapana. Huyo huchakaa hata asipopendwa. Mmeshindwa. Nipeni mji."

Hiyo ni sheria, unaijua: ukishindwa kitendawili unampa mtegaji mji, naye akishaupokea anakupa jibu. Nikampa Mombasa.

"Ninayo. Kila mtu hutoa Mombasa."

"Unguja?"

"Nimepewa mpaka imechanika pembeni."

"Tanga?"

"Iko mfuko wa nyuma."

Bila kufikiri nikasema, "Basi chukua Muheza."

Muheza ikanyanyuka. Soko likapita juu ya kichwa changu, halikudondosha chungwa hata moja. Ukapita msikiti, ikapita stesheni ya treni, ikapita nyumba yangu, nguo zikiwa bado kwenye kamba. Vyote vikaingia mfukoni. Binti Gunzi akafunga kishikizo.

Nikabaki nimesimama kwenye karatasi nyeupe. Kushoto kuna mstari mwekundu wa pambizo. Kingine hakuna.

"Mama wee!" likasema birika. "Umetoa mji wenyewe tunaokaa!"

"Na Salha yumo," nikasema. Salha ni mjukuu wangu, ndiye ninayelala naye nyumba ile, sina mwingine. "Binti Gunzi, mji umeshaupokea. Nipe jibu nimchukue mtoto wangu."

Akatazama miguu yake. "Sina."

"Huna?"

"Ukurasa wa mwisho ndio unaofungia karanga vizuri. Wauza karanga wameumaliza wote, jibu langu likaliwa pamoja na chumvi. Tangu hapo watu wananipa miji na mimi sina la kuwapa. Naifagia yote kila asubuhi. Siwezi kurudisha hata mmoja mpaka mtu ajibu. Na hadithi isiyojibiwa haifungwi, kwa hiyo sijalala tangu nilipopigwa chapa."

Uzi wa jicho lake ulikuwa umelegea. Nikamwonea huruma, japo ameshika nyumba yangu.

Najaribu tena. Nataja ufagio. Nataja jembe, mswaki, viatu vya sikukuu ya Idi. Kila ninachokitaja kinadondoka kwenye karatasi, kinasema "Si mimi," kinakwenda zake. Viatu vya Idi vinaondoka vikilia kwichi kwichi.

"Nyumbani huna mwanasesere wa kukusaidia kufikiri?" akaniuliza.

"Ninaye. Nilimnunulia Salha. Yuko juu ya kabati, kwenye nailoni yake, asichafuke."

Binti Gunzi akanikazia lile jicho moja. "Maskini," akasema. Sikujua anamsikitikia nani.

Hapo mfuko ukacheza. Sauti ndogo ikatoka ndani, imezibwa na kitambaa.

"Mmm mm-mm-mm-mm!"

Namjua mjukuu wangu hata akinong'ona ndani ya mtungi. "Salha! Sema kwa nguvu, mama! Unasemaje?"

"Mmm mm-mm-mm-mm!"

Mimi sikuambulia kitu. Lakini Binti Gunzi, ambaye mfuko uko tumboni pake, alisikia. Kisha akacheka, akacheka mpaka mshono wa bega ukafumuka na sufi ikaruka huku na huku, nyingine ikaingia mfukoni.

"Loo! Kumbe miaka yote natembea nalo!"

"Jibu? Ni lipi?" nikauliza.

"Muulize aliyelisema. Mimi nina miji ya kurudisha, na usingizi wangu."

Akafungua kishikizo, akaanza kupanga. Mombasa kule, Korogwe hapa na mto wake. Muheza aliitua kwa mikono miwili, polepole, kama anayemlaza mtoto. Kisha akajinyoosha chali kwenye karatasi, akapiga mwayo. Juu yetu jalada likaanza kushuka.

"Kimbia, mjukuu wangu," akasema. "Nafungwa."

Mimi na birika tukaruka pambizo.

Nikaamka. Kumekucha, na jogoo wa jirani yuko mahali pake. Salha amekaa mkekani kando ya kitanda changu, anatafuna muhogo wa jana. Nywele zake zimejaa sufi.

Nyumba yangu haina sufi. Godoro letu la sponji, mito ya sponji.

Nikamtoa kidogo kichwani, nikaipuliza. Kisha nikauliza, kama mtu asiyejali, "Salha, kule ndani ulikuwa unasema nini?"

Akameza muhogo kwanza.

"Bibi nawe, nimepiga kelele mpaka koo linaniuma. Nilikuwa nasema, 'Ni mwanasesere!'" Akanyoosha kidole juu ya kabati. "Yule pale si bado mpya?"