Nani Alilifungua Gari

Mwaringa alinishika kifundo cha mguu akaniburuta kutoka chini ya Landrova jinsi mtu anavyomtoa kondoo aliyenasa kichakani. Changarawe ilinichuna mgongo, na kabla sijamtambua nilikuwa nimeshampiga usoni kwa brashi ya waya. Brashi hiyo hung'oa kutu kwenye chuma, sembuse ngozi. Alipiga ukelele akashika shavu, damu ikamchuruzika kati ya vidole.

"Shemeji, umenikata!"

"Na bado. Niguse tena uone."

Akanigusa tena. Mwaringa hajui kuambiwa, hata mama yake alikufa akilalamika hivyo. Safari hii alinipiga teke la mbavu, pumzi ikakatika, nikalala pale nikitafuta hewa na kuipata kwa matone. Odera, fundi mwenye gereji, alikuja mbio na spana kubwa mkononi akasimama katikati yetu. Odera ni mtu wa Siaya aliyehamia Kibarani hapa Kilifi zamani, mpole kupita kiasi, lakini siku hiyo upole aliuacha ndani. Mwaringa alitema mate karibu na kichwa changu akaondoka, akiapa kwamba atarudi kulifungua gari lile kwa mikono yake.

Acha nieleze ugomvi ulikuwa wa nini, maana Kilifi nzima ilisimulia ilivyotaka.

Gari lilikuwa la mume wangu, Karisa, aliyekufa kwa maradhi ya figo. Alilitengeneza kwa kuunganisha vitu viwili. Chesisi, yaani ule mfupa mrefu wa chuma ulalao chini na kubeba kila kitu, ilitoka kwenye Landrova kuukuu ya baba yao, iliyokuwa imelala bomani Jilore kuku wakitagia ndani. Bodi na injini alivinunua mwenyewe kwa jasho lake. Kwa gari hilo tulibeba mananasi ya Magarini na mahindi ya Jilore hadi soko la Malindi. Karisa alipougua nilishika usukani mimi, na alipokufa sikuuachia. Mimi na mwanangu Lewis hatukuwa na kitu kingine cha kutulisha.

Kwetu Wagiriama, mali ya marehemu haigawanywi mpaka hanga ivu, yale matanga ya kumaliza, yanayokuja miezi mingi baada ya mazishi. Kabla ya hapo kila kitu hukaa kama kilivyoachwa. Mwaringa, ndugu pekee wa Karisa, alidai chesisi ya baba yake tangu siku ya mazishi. Wazee wa ukoo, wakiongozwa na Mzee Dzombo, wakakata shauri: gari likifika hanga ivu likiwa kitu kimoja, ni la mjane na mtoto. Mjane akilifungua kabla ya siku hiyo, bodi ikaachana na chesisi, basi atakuwa ameanza kugawa mali kabla ya wakati, na chesisi itarudi kwa Mwaringa. Nami ningebaki na bodi isiyo na miguu, banda la kuku.

Nililikubali neno lao. Lililonitia hofu ni kutu. Bodi ya Landrova ni ya alumini, haijui kutu, lakini chesisi ni chuma, na hewa ya chumvi ya hapa Kilifi ilikuwa imeitafuna mpaka ukiigonga kwa bisibisi inamwaga maganda. Odera alilala chini yake, akatoka akiwa amenuna.

"Mama Lewis, masika yakija hii itakatika katikati, na watu wakiwa ndani. Wacha tunyanyue bodi. Tukiipata chesisi ikiwa uchi, tunaisafisha na kuipaka rangi, kazi inaisha."

"Bodi hainyanyuki."

"Hata kidogo?"

"Hata upenyo wa kupitisha karatasi."

Alikuna kichwa, akasema basi tutafanya kazi ya popo. Na kweli ilikuwa ya popo. Tulilipandisha gari juu ya matofali, tukatoa magurudumu, tukawa tunalala chali, kutu ikitudondokea machoni. Palipoliwa kabisa na kutu Odera alikata na kuchomelea kiraka. Palipobaki nilisugua kwa brashi, nikafuta mafuta kwa petroli, nikapaka dawa ya kutu, kisha rangi nyeusi. Kigumu kilikuwa upande wa juu wa chesisi, pale bodi inapokalia, ambapo hata kidole hakipiti. Hapo nilichovya ukanda wa kitambaa ndani ya rangi, nikaupitisha juu ya chuma kwa waya, nikauvuta huku na huku kama mtu anayejisugua mgongo akioga. Boliti zinazoshika bodi hatukuzigusa. Zilikuwa zimeliwa na kutu zikashikana na chuma, nami niliziacha kwa furaha.

Basi Mwaringa alirudi. Ilikuwa mchana, hanga ivu ikikaribia, na upande mmoja wa chesisi ulikuwa umekwisha kukauka. Alikuja na vijeba wawili wanaonuka pombe ya mnazi, na winchi ya mnyororo ya kunyanyulia mizigo begani.

"Gari liko mikononi mwako, shemeji," alisema akicheka, kovu la brashi likimvuta mdomo. "Likionekana limefunguka, nani atasema si wewe?"

"Odera ataona. Odera atasema."

"Odera ni mgeni. Mgeni haketi kwenye kikao cha hanga."

Hapo alisema kweli, na ukweli huo ulinichoma kuliko teke. Odera alimwendea na spana. Kijeba mmoja alimpiga mkono kwa nondo, nikasikia mfupa ukivunjika kama kuni kavu. Yule wa pili alinidaka nywele. Nilimng'ata kidole gumba, nikakaza meno mpaka nikaionja damu yake, akanibamiza ukutani mara mbili, kichwa kikajaa mlio. Nilipoanza kuona tena, mnyororo ulikuwa umefungwa kwenye boriti ya paa na ndoano zake zimeshika bodi, nao wakivuta.

Bodi ilinyanyuka, na chesisi nayo ikanyanyuka. Zile boliti zilizoshikana kwa kutu zilikataa kuachia. Gari zima likaning'inia hewani, likizungukazunguka, nami nikiwa nimelala sakafuni na damu mdomoni nilicheka.

Kicheko hicho ndicho kilichomtia wazimu. Mwaringa alichukua nyundo, akaingia chini ya gari linaloning'inia, akaanza kuzipiga boliti.

"Toka hapo!" Odera alipiga kelele, ameushika mkono wake uliovunjika. "Boriti ile ni ya mti, haibebi gari! Toka, we mjinga!"

Mwaringa akapiga tena. Boriti ikakatika.

Gari liliporomoka na sauti niliyoisikia mpaka kwenye meno. Vumbi lilipotulia, vijeba walikuwa wamekimbia, na Mwaringa alikuwa analia kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwa mtu mzima. Chesisi ilikuwa imeangukia matofali, lakini mkono wake mmoja, kile kipande cha chuma kinachotoka ubavuni kushika bodi, ulikuwa umemlalia paja na kulikandamiza sakafuni. Damu ilikuwa ikitoka kwa wingi. Jeki yetu ilikuwa chini ya gari, imepondeka. Odera alijaribu kuinua kwa mkono mmoja akaanguka magoti.

Kulikuwa na njia moja. Tulikuwa na grainda, mashine ya kukatia chuma. Ule mkono wa chesisi ukikatwa, Mwaringa atatoka. Ukikatwa, bodi itaachana na chesisi upande ule.

Niliishika grainda nikasimama juu yake. Nasema wazi kwamba nilisimama. Nilimwangalia akivuja damu, nikamfikiria Lewis, nikafikiri kwamba nikienda tu polepole kumwita mtu barabarani, mambo yatajimaliza yenyewe na gari langu litabaki zima. Mwaringa aliyasoma hayo usoni mwangu.

"Zipporah," aliniita kwa jina kwa mara ya kwanza. "Nikatie chuma. Nitasema ni mimi. Nitawaambia wazee ni mimi niliyelifungua. Naapa kwa kaburi la Karisa."

"Rudia."

"Naapa kwa kaburi la ndugu yangu! Kata, nakufa!"

Nilikata. Cheche zilimwagikia nguo zake na mikono yangu, na rangi niliyoipaka kwa siku zote zile ikaungua na kutoa moshi mchungu. Mkono ulipoachia, bodi ilijipinda, boliti zilizolegezwa na nyundo zikaachia, ikachomoka, ikakaa upande kama kofia ya mlevi. Odera alimvuta Mwaringa kwa kola, nami nikalifunga paja lake kwa kanga yangu, nikakaza mpaka akazimia. Hospitalini walisema angechelewa kidogo tu wangemzika, na kwamba mguu nao umeponea chupuchupu.

Siku ya hanga ivu boma la Jilore lilijaa. Gari lililetwa kwa lori, vipande viwili, likatupwa mbele ya watu. Mwaringa alikuja kwa magongo, mguu umefungwa plasta, akakaa kwenye kiti walichompa. Sikuwa na wasiwasi. Nilikuwa na kiapo chake. Odera alisimama nje ya ua, mkono kwenye kitambaa, kwa kuwa ndani hakuruhusiwa.

Mzee Dzombo aliuliza, "Nani alilifungua gari la Karisa?"

Nilimtazama Mwaringa nikamngoja afungue kinywa. Hakufungua. Aliinua mkono akaninyooshea kidole.

"Ni kweli, mwanangu?" Dzombo akaniuliza.

"Ni mimi, mzee. Nililikata nimtoe huyu. Alikuwa chini, anakufa. Ameapa kwa kaburi la—"

"Hatukuuliza kwa nini," akasema Dzombo, kwa upole hata, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. "Tumeuliza nani. Chesisi iende kwa Mwaringa."

Nje ya ua nilimsikia Odera akisema shukrani ya punda ni mateke. Mwaringa alikuwa anaitazama chesisi, anauangalia ule weusi wa rangi yangu jinsi unavyong'aa juani, na sikuona aibu usoni mwake, hata chembe. Nilijisikia nimekauka. Niliondoka nilipokaa, nikapita katikati ya wazee, nao wakadhani nakwenda kumpa mkono, maana ndivyo inavyofanywa mali ikishagawanywa.

Nilimpokonya gongo moja. Nikampiga nalo kwenye plasta, kwa mikono miwili, plasta ikapasuka. Nikampiga pale pale tena, na mara ya tatu gongo likavunjika. Watu wanne walinishika, nami nikiwa hewani nilimwambia Mzee Dzombo aamue na hili leo leo, kwa kuwa mguu ule niliununua kwa gari langu na nilikuwa nimekuja kuuchukua.