Vigae Juu ya Vigae

Baba mkwe alikuwa na ugonjwa mmoja: vigae. Vikija vipya dukani, roho yake haitulii. Na kubandua vya zamani hataki kabisa. Anamwaga saruji juu, anabandika vingine. Roshani ya mbele ilikuwa na tabaka nne, na mlango wake ulikatwa chini mara tatu ili ufunguke. Jamani! Mtu anaukata mlango wake mara tatu na hajiulizi?

Mkamwana wake, mhandisi wa majengo, aliyaona hayo tangu aolewe, akanyamaza. Ukwe ni ukwe. Lakini sasa wifi yake anaolewa, na mzee katangaza kwamba wageni wote watapanda roshani kumshangilia bibi harusi. Ukoo mzima, tena wenye miili yao, wakirukaruka! Mhandisi usingizi ukampaa. Akajikaza.

"Baba, roshani haitawabeba."

"Haitawabeba? Nilipanga mifuko ya saruji pale mwezi mzima, haikutikisika!"

"Mifuko haichezi, baba. Roshani kwanza inajibeba yenyewe, zege na nondo zake. Halafu inabeba kisichoondoka: ukuta wa pembeni, vigae. Kinachobaki ndicho cha wageni, wanaokuja, wanaoruka, wanaoondoka. Vigae vyako vimekula nafasi yao."

"Kwa hiyo vigae vyangu vimekalia kiti cha shangazi?"

"Tena mashangazi wote."

Mzee akanuna, akasusa chakula. Mawifi wakamkata mhandisi jicho: kaolewa juzi tu, leo anambomolea mzee nyumba! Ilimuuma, usiseme.

Alasiri ikasikika nyundo. Mzee yuko roshani, kapiga magoti, anabandua. Mhandisi akachukua tindo, akamsaidia. Tabaka zikatoka moja baada ya nyingine, mpaka chini kabisa vikatokeza vigae vya kijani, kijani cha kuumiza macho. Mzee akaiweka nyundo chini.

"Alivichagua marehemu mama yenu. Nilimcheka sana. Alipofariki nikashindwa kuvitazama, nikafunika. Nikafunika tena." Akakigusa kimoja. "Na hivi vitoke?"

"Viache, baba. Roshani hujengwa ikijua itabeba tabaka moja. Hivyo vilihesabiwa tangu mwanzo. Wageni wapande."

Mzee akavuta kamasi, akashika kitambaa, akaanza kuvifuta vumbi kimoja kimoja.