Maua ya Kuwapokea Wakwe

Wakwe walipokuja Waithaka mara ya kwanza kujitambulisha, mwaka wa 2006, Mzee Ndungu alimwonyesha Nyakio, mama wa kijana aliyemchumbia binti yake Debra, miche midogo kando ya njia ya kutoka langoni. Ilikuwa dayanthasi ya aina fupi, ile isiyozidi urefu wa kiganja, yenye maua ya kingo za meno meno na harufu ya karafuu.

"Nimeiotesha mwenyewe, Mama Jeremy, kwa mbegu. Watu wa siku hizi wananunua tu. Siku ya ruracio, mkileta mahari, utaikuta imechanua."

Wageni walipoondoka akaitunza kama sukumawiki: samadi ya ng'ombe rundo zima shinani, na maji kila jioni.

"Baba Debra, hayo maua unayanenepesha uyachinje?" mkewe Wangeci alimuuliza.

"Kilimo nilikisoma, mama. Darasa la jioni, lakini nilikisoma."

Mashina yakalainika, yakawa ya kahawia, na wiki ya kupokea mahari yote yakalala chini. Ijumaa Ndungu alikwenda Hurlingham kwa wauza miche wa kando ya barabara, akarudi na dayanthasi zilizochanua, kila moja ndani ya karatasi yake nyeusi ya nailoni. Aliogopa kuzitoa humo, maua yasije yakanyauka kabla ya wageni kufika. Akazifukia pamoja na karatasi zake, akasawazisha udongo.

Wangeci alimtazama, mikono kiunoni. "Si uwaambie tu yalikufa?"

"Niwaambie mzee mzima ameshindwa na maua?"

Jumamosi akina mama waliimba langoni mpaka wakafunguliwa. Nyakio alikuwa mbele. Alipoyaona maua aliinama.

"Haya ndiyo yale! Baba Debra, naomba kitawi nikapande kwangu."

Mgeni akiomba kitawi hanyimwi. "Ngoja nikukatie," Ndungu alisema, akiharakisha.

"Aa, usisumbuke, najua kuchuma."

Alishika tawi karibu na shina, akavuta. Udongo ukapasuka, na mche mzima ukatoka na karatasi yake nyeusi.

"Wee! Kumbe huku maua huzaliwa yamevaa nguo!" mama mmoja alisema, na wenzake wakaangua kicheko.

Debra alikuwa mlangoni katika kitenge chake kipya, akaona yote. Nyakio hakucheka. Aliurudisha mche shimoni, akashindilia udongo kwa vidole, akasema taratibu, "Nitaomba siku nyingine."

Ndani, baada ya chakula, chai ikiwa imemiminwa, Zachariah, kaka yake Ndungu na msemaji wa nyumba, alisimama.

"Wageni wetu, jueni jambo moja. Huyu ndugu yangu akikwambia kitu, huna haja ya kuuliza mara ya pili. Na binti yake ni vivyo hivyo."

Akina mama walitazamana. Nyakio aliangalia ndani ya kikombe chake. Debra alikuwa ameinamisha kichwa.

Ndungu aliweka kikombe chake chini. Akinyamaza, maneno hayo yatamfuata Debra mpaka kwa akina Jeremy, na kila atakapofungua mdomo watakumbuka ile karatasi.

"Zachariah, keti kidogo."

"Mzee, leo wewe huongei. Msemaji ni mimi."

"Najua. Keti." Akasimama. "Yale maua nimeyanunua. Yangu yaliozea hapo hapo, kwa mkono wangu. Nimewadanganya, Mama Jeremy. Lakini huyu msichana hakulelewa hivyo. Amelelewa na mama yake."

Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka. Mzee mmoja wa upande wa pili akakohoa. "Tumesikia," akasema, na Zachariah akaendelea na habari za mbuzi wa mahari kwa sauti ndogo.

Debra aliinuka kukusanya vikombe. Alipofika kwa baba yake alichukua na cha kwake, kikiwa bado kimejaa.

"Bado nakunywa," Ndungu alinong'ona.

"Imepoa, Baba," alisema bila kumtazama, akaenda nacho jikoni.