Nimefunga!

Fundi kufuli alikuwa na siri moja ambayo, ikivuja, ingemmaliza: hakuwahi kuwa na hakika kama amefunga mlango wa nyumba yake.

Mikono yake haikuwa na tatizo. Kwenye milango ya watu alifungua kitasa kilichokwama kabla mwenye nyumba hajamaliza kueleza kilivyokwama. Lakini kila asubuhi, akifika kwenye kona ya duka la magodoro, mwendo wa dakika tatu kutoka nyumbani, swali lilimkaba: nimefunga? Anarudi. Mlango umefungwa. Anautikisa, anashuka ngazi za ghorofa tatu, anafika konani, na swali liko palepale linamsubiri. Kwa hesabu yake mwenyewe, mwezi uliopita alirudi mara sitini na moja, na mara zote sitini na moja mlango ulikuwa umefungwa. Ushahidi huo haukumsaidia hata chembe.

Mama mwenye duka la vitasa, aliyemwajiri, alikuwa na hesabu zake pia.

"Juzi foleni, jana tumbo. Leo nini, fundi?"

"Viatu, Mama."

"Vimefanya nini?"

"Vimenibana."

"Chelewa tena mara moja tu, vitakubana ukizunguka kutafuta kazi."

Ukweli hakuweza kuusema. Nani atanunua kitasa kwa mtu asiyeamini kitasa chake?

Jioni hiyo akamwendea shemeji yake, mdogo wa mkewe, mshauri wa saikolojia hospitalini, mwanamke asiyetoa pole bila sababu.

"Shemeji, naona akili zinaniruka. Mwezi uliopita nimerudi kuangalia mlango mara sitini na moja."

"Mtu aliyerukwa na akili hahesabu mpaka sitini na moja. Kaa hapo." Akasukuma kiti kwa mguu. "Unapofunga, mkono uko mlangoni, mawazo yameshafika dukani. Jambo usilolizingatia, ubongo hauliweki vizuri. Ukirudi kuangalia, unaongeza picha nyingine ya mlango uleule na mkono uleule. Sasa una picha mia zinazofanana, hujui ipi ni ya leo. Unavyozidi kuangalia ndivyo unavyozidi kutojiamini."

"Kwa hiyo?"

"Funga mara moja. Sema kwa sauti: nimefunga. Taja na siku. Kisha tazama kitu, sikiliza kitu, nusa kitu, ili picha ya leo isifanane na ya jana. Halafu nenda, usirudi. Wasiwasi utapanda, utakaa kidogo, utashuka wenyewe."

"Usiposhuka?"

"Utashuka. Ni wasiwasi, shemeji, si mpangaji."

Jumatatu, saa mbili kasoro dakika kumi na moja, fundi akazungusha ufunguo, akajaza mapafu na kutangaza: "Nimefunga! Jumatatu!" Akatazama: buibui juu ya fremu. Akasikiliza: redio ya mtu. Akanusa: rangi mbichi. Konani wasiwasi ukapanda hadi kooni. Akasonga mbele akiwa amekunja ngumi. Alipofika dukani, saa mbili kamili, ulikuwa umeshuka hadi tumboni, na alipoanza kazi hakuuona tena.

Dawa ilifanya kazi. Kasoro yake ilikuwa moja, nayo haikuwa ya kisayansi. Ghorofa ya pili aliishi mama mshonaji, ambaye cherehani yake ilikuwa karibu na mlango na masikio yake karibu zaidi. Jumanne, baada ya "Nimefunga! Jumanne!" kuteremka ngazini, alimpokea fundi akiwa ameweka mkono kifuani.

"Na leo pia umefunga, baba?"

"Nimefunga, mama," akajibu fundi, akiona fahari kwamba ana hakika.

"Hongera sana. Vijana wa siku hizi hawawezi."

Fundi akashukuru. Alijiuliza tu njiani ni vijana gani wasioweza kufunga mlango.

Jibu lilikuja saa nne. Mama mshonaji alikuwa amepita dukani kununua komeo, na chai ya saa nne ilipofika, mama mwenye duka alisogeza kikombe cha fundi kando.

"Kumbe umefunga! Jirani yako kaniambia. Ndiyo maana siku hizi unawahi. Samahani, tutakunywa nyuma ya pazia tusikutamanishe."

Kukana kulihitaji kueleza alichokuwa akikitangaza ngazini, na kueleza kulihitaji kutoa siri. Akameza mate. Jumanne, Jumatano na Alhamisi alichonga funguo huku akisikia vijiko vikigonga vikombe nyuma ya pazia, mtu mwenye afya njema ya akili na njaa kali.

Ijumaa alifika saa mbili kamili, siku ya tano mfululizo. Kazi ya kwanza ilikuwa ya nyumbani: ufunguo wa mkewe ulikuwa umekatika usiku wa kuamkia siku hiyo, na fundi alikuja na vipande ili achonge mwingine. Akawasha mtambo wa kuchongea funguo. Na kwa kuwa sasa kumbukumbu yake ilikuwa safi, akaipitia kwa raha, kama mtu anayetazama picha za sherehe. Nimefunga, Ijumaa. Nimetazama: balbu ya ngazini imeungua. Nimenusa: sabuni. Nimesikiliza: maji yanamwagika bafuni.

Mtambo ukaendelea kukereza peke yake.

Bafuni kwake. Mkewe alikuwa mwalimu, na siku zote alitoka kabla yake. Lakini leo alikuwa na zamu ya kusimamia mtihani wa saa tatu na alikuwa amesema, mara mbili, kwamba ataondoka baadaye. Ufunguo wake ulikuwa kwenye mtambo. Na kile kitasa, ambacho fundi alikiweka mwenyewe na kukisifia mwenyewe, hakifunguki bila ufunguo hata ukiwa ndani.

Saa mbili na dakika ishirini na tano akasimama mbele ya mama mwenye duka na kusema yote: kona, mara sitini na moja, viatu ambavyo havikumbana, "nimefunga" ya kweli na ile ya chai.

Mama akaacha kuhesabu chenji.

"Na una hakika mkeo yuko ndani?"

"Nina hakika, Mama."

"Basi leo ndiyo mara ya kwanza." Akatazama saa. "Saa tatu anakuja mteja wa vitasa kumi na viwili. Usipokuwepo, usije tena."

Alifika kwenye jengo saa mbili na dakika thelathini na nane, akitoka jasho. Tangu ngazi za kwanza alimsikia mkewe akigonga mlango kutoka ndani.

"Jamani! Mume wangu amefunga!"

"Tunajua, mama!" akajibu mama mshonaji kutoka chini kwa upole. "Wiki nzima sasa! Mungu ampokelee!"

"Amefunga, nakwambia, na mimi niko ndani!"

"Na wewe umefunga? Hongereni, nyumba nzima!"

Fundi akampita mbio na kufungua. Mkewe alitoka na mafaili kwapani, mkoba begani na kalamu nyekundu mdomoni, na kwa sababu ya kalamu hakuweza kusema aliyotaka kusema. Alimpokonya ufunguo, akafunga mwenyewe, wakashuka mbio.

Kwenye kona ya duka la magodoro mwalimu akasimama ghafla. Akaitoa kalamu.

"Hivi nimefunga?"

Ilikuwa saa mbili na dakika arobaini na nane. Kwenda kuangalia na kurudi konani ni dakika sita. Kutoka konani hadi dukani ni nane. Fundi akausikia wasiwasi ukipanda, sasa wa watu wawili.

"Umefunga," akasema. "Kwa mkono wa kushoto. Faili moja lilikuponyoka, ukalizuia kwa goti. Ulinung'unika kitu kupitia kalamu."

"Nilinung'unika nini?"

"Hilo ubongo umekataa kuliweka. Twende."

Hakugeuka nyuma. Dukani alifika saa tatu kasoro dakika nne. Mteja bado. Mama mwenye duka alikuwa ameketi mbele ya birika, pazia limevutwa kando.

"Fundi, chai? Au umefunga?"

"Nimefungua, Mama," akasema, akavuta kikombe.