Riwaya Yenye Tundu la Kola

Binti wa fundi mmoja wa nguo alipokuwa na miaka kumi na sita, kila akimaliza riwaya ya mapenzi aliiweka juu ya cherehani, na uzi mwekundu kwenye ukurasa aliotaka mama yake ausome.

"Mama, hii usiikose. Soma hata hapo tu."

Fundi aliguna. Mapenzi ya kitabuni hayashoni hata kifungo, alisema, na kurasa zile akazikata ziwe vipimo vya kola za mashati.

Binti hakulalamika. Aliendelea kuleta vitabu, kisha siku moja akaacha, na fundi akashukuru kwamba mtoto amekua.

Sasa binti ameolewa mbali, na simu zao ni za salamu tu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na leo fundi aliinama kutafuta vifungo, akaibuka na riwaya moja ya zamani, uzi ungalimo. Akavaa miwani, akaketi sakafuni, akasoma. Msichana wa kitabuni alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, akijikaza kumwambia mama yake jambo alilokuwa amelificha. Alipofungua kinywa tu, karatasi ikaisha. Palikuwa na tundu la kola, safi kabisa, la mkasi wake mwenyewe.

Akampigia binti. "Mwanangu, yule msichana alimwambia nini mama yake?"

"Mama, miaka yote hiyo? Nimeshasahau."

"Basi nichagulie kingine."

"Siku hizi sisomi, mama," binti akasema kwa upole, kisha akamuuliza habari za mgongo.