Kengele ya Wapiga Magoti

Timu ya Nyabiyonza ilikuwa na jina lake zuri, Nyota, lakini hakuna aliyelitumia isipokuwa wachezaji wenyewe, tena siku wakishinda. Kutoka Chonyonyo mpaka Bugomora waliitwa Wapiga Magoti, na kila aliyelitamka jina hilo alikuwa na maelezo yake ya lilikotoka.

Chonyonyo walisema Nyota walipiga magoti uwanjani kuomba huruma. Nyabiyonza walisema hapana, walikuwa wanasali, na kumcheka mtu anayesali ni utovu wa adabu. Akina mama wauza ndizi walishikilia kwamba jina ni la tangu enzi za mababu, wala mpira hauhusiki. Mnunuzi mmoja wa kahawa kutoka Muleba aliapa kuwa amelitunga yeye, na mwaka jina lilipoanza alikuwa hata hajahamia Karagwe.

Aliyejua ukweli alikuwa Mzee Anatory, mpiga kengele wa kigango cha Wakatoliki, naye alinyamaza miaka minne.

Kengele yenyewe ilikuwa ringi ya lori iliyoning'inizwa mtini nyuma ya kanisa, ikipigwa kwa kipande cha chuma. Anatory aliipenda kuliko shamba lake. Asubuhi, mchana na saa kumi na mbili jioni aliipiga kwa sala ya Malaika wa Bwana, na kila mara akina mama waliweka majembe chini, wanaume wakavua kofia, na waliokuwa wakigombana wakangoja. Kwa mtu ambaye nyumbani mkewe hamwachi amalize sentensi, hilo si jambo dogo.

Sasa sikiliza alichofanya. Mwaka 1950 Chonyonyo walikuja kucheza, na Nyota walikuwa wanaongoza bao moja kwa bila. Anatory alisimama nyuma ya goli tangu mwanzo, akimfundisha kazi Projest, golikipa, ambaye hakuwa amemwomba. Mawingu yalikuwa yamefunika kilima, na aliyekuwa na saa ni refa peke yake, saa ambayo ilifanya kazi siku inapojisikia. Mara Byabato, nahodha wa Chonyonyo, akawapita mabeki wawili na kuja na mpira akiwa peke yake. Anatory akaona bao linakuja. Akapandisha kanzu, akakimbilia mtini, akaipiga kengele kwa nguvu zake zote.

Hesabu yake ilikuwa nyepesi: kengele ikilia watu wote watasimama, watasali, watadhani jioni imeshafika, mchezo umekwisha, moja bila. Maishani mwake hakuwahi kumwona mtu asiyesimama kwa kengele yake. Alichosahau ni kwamba Chonyonyo walikuwa Walutheri, na Walutheri hawana sala ile.

Projest akapiga magoti wa kwanza, na wenzake wote wakafuata. Byabato akasimama kidogo, akatazama kushoto na kulia kama mtu aliyekuta nyumba wazi na mwenyewe hayupo, kisha akausukuma mpira golini taratibu. Katika ubishi na kuchanganyikiwa kulikofuata, Nyota wakafungwa la pili.

Mwaka uliofuata washenga wa Projest walikuja kumposa Kemilembe, binti wa Anatory. Akawakatalia. Walirudi mwaka wa pili, akawakatalia tena, safari hii kwa ukali. "Binti yangu hataitwa mke wa mpiga magoti," alisema. Ukweli ni kwamba hakuweza kufikiria kula chakula cha Noeli akitazamana na kijana aliyebandikwa jina kwa kosa lake. Kemilembe hakulia wala hakugomba. Tangu siku hiyo alimpa baba yake shikamoo na chakula, basi.

Mwaka 1954 Nyota waligoma. Walisema hawatacheza tena na Chonyonyo mpaka jina lifutwe. Mkungu Rwegoshora, mkuu wa eneo, akaita baraza hapohapo uwanjani, akasikiliza maelezo yote asubuhi nzima, hata ya yule mnunuzi wa kahawa, kisha akakata shauri.

"Kama walipiga magoti kwa sababu ya kengele," alisema, "jina linadhihaki sala, na Chonyonyo mtaliacha leo. Kama walipiga magoti kwa hofu, mtaitwa hivyo mpaka mzeeke."

Watu wa Nyabiyonza wakacheka kwa furaha. Kengele waliisikia wote. Lakini Byabato akainua mkono.

"Mkungu, sala yao ni ya saa kumi na mbili. Sisi tulimaliza mchezo, tukarudi kwa miguu mpaka Chonyonyo, na nilimkuta mama yangu amekaa nje anachambua kahawa kwenye mkeka. Nani anachambua kahawa gizani?"

Watu wakahesabu mwendo kwa vidole, wakaona saa kumi na mbili ilikuwa haijafika. Mkungu akauliza kama inawezekana kengele ilipigwa kabla ya saa yake. Nyabiyonza nzima ikaudhika. Kengele ya Mzee Anatory? Watoto walibatizwa kwa kengele ile. Anatory akatazama vidole vya miguu yake. Akisema kweli, kile chuma cha kupigia kengele, alichokuja nacho hata barazani, kitatoka mkononi mwake leo hii, na ataingia kaburini akiwa mzee wa kawaida asiyesubiriwa na mtu.

Ndipo Projest akasimama.

"Ni mimi," alisema. "Nilimwogopa Byabato, nikapiga magoti. Wenzangu waliniona wakafuata. Kengele ililia baadaye, kwa saa yake."

Wenzake waliitikia kwa vichwa. Walikuwa wamesimulia mambo yale kwa namna nyingi mno hata hawakukumbuka tena kilichotangulia. Na kwa kitambo cha kumeza mate, Anatory aliona raha. Raha kabisa, na ya aibu. Halafu akamwona Kemilembe katikati ya wanawake akimtazama Projest, na Projest hamtazami mtu, na raha ile ikamwisha.

"Kijana anasema uongo," alisema, akasimama. "Kengele niliipiga mimi, na saa ilikuwa haijafika. Niliona tunafungwa."

Alieleza yote, hata kanzu. Hakuna aliyemkatiza, naye alitamani wamkatize. Alipomaliza, katekista wa kigango alinyoosha mkono, na Anatory akampa kile chuma. Kilikuwa na joto la kiganja chake.

Mkungu akaamua kwamba kengele ilikuwa ya uongo lakini magoti yalikuwa ya kweli, hivyo jina lifutwe. Chonyonyo wakatii mara moja, maana kabla jua halijapinda walikuwa wameshaanza kuwaita Saa Mbovu. Wachezaji wa Nyota walimlaumu Anatory, wakisema lile la zamani walikuwa wamelizoea.

Anatory akamfuata Projest kwenye njia ya migombani. Projest alimsikia, akageuka.

"Shikamoo, baba."

"Usinipe shikamoo, mwanangu. Kwa nini umesema vile?"

"Siku ile ulikuwa nyuma yangu, unaniambia nikae katikati. Mara nikasikia kanzu inapita mbio, na kengele ikalia. Nilijua si saa yake. Nikaona nikibaki wima, watu wote watageuka kuuliza mbona kengele imewahi. Kwa hiyo nikapiga magoti, ili nao wapige."

"Kwa ajili yangu? Hatukuwa na undugu wowote."

"Ulikuwa baba yake Kemilembe. Nilikuwa nimeshaamua."

"Na nilipokukataa?"

"Mara ya kwanza nilivumilia," alisema Projest. "Mara ya pili niliumia, baba."

Anatory aliona haya kama hajawahi kuona, haya ya mtu mzima ambayo haina pa kujificha. Akasema kwa haraka, "Tuma washenga kesho. Nitawapokea."

"Walishakataa. Wanasema ulimi wako ni mkali, na mbwa wako pia. Hawarudi tena."

Kesho yake mchana, jua likiwaka, Anatory alipita katikati ya uwanja amebeba kibuyu cha pombe ya ndizi begani. Watu waliokuwa wakianika kahawa walisimama kumtazama, kwa sababu hawajawahi kuona baba wa binti akienda kuposa mwenyewe. Mama yake Projest, Kokuhirwa, alimpa kiti, akapokea kibuyu, akakaa. Alikuwa na habari zote tangu jana. Anatory alingoja asaidiwe kuanza, na Kokuhirwa hakumsaidia. Kwa upande wa baba wa binti hakuna maneno yaliyotengenezwa ya kuanzia.

"Nimekuja kuomba," alisema mwishowe.

"Kuomba nini, mzee?" Kokuhirwa alimwuliza, kana kwamba hajui.

"Mwanao," alisema Anatory.