Picha Yenye Chenga
Mashine ya CT ya hospitali ile ya Shinyanga ilikuwa imezoea vichwa vya wanaume. Wagonjwa wake wengi walikuwa wachimbaji wa Bugarama walioangukiwa na mawe, kwa hiyo vipimo vya mionzi vilikaa vya watu wazima mwaka mzima. Hata akilazwa mtoto, mafundi wa mionzi walimpiga picha hivyo hivyo ili itoke safi. Kati yao, Violeth peke yake ndiye aliyekuwa akihangaika kuwapunguzia watoto mionzi.

Asubuhi hiyo akaletwa Salome, mtoto wa miaka minne kutoka Didia. Kapigwa teke la kichwa na ng'ombe, anatapika na kusinzia. Violeth akapunguza mionzi, akapiga picha. Dokta Donatus, mpasuaji, akakodolea macho kioo cha kompyuta.

"Hii ni picha au runinga ya kwenu Masumbwe isiyo na antena? Chenga tupu! Rudia, mionzi ya mtu mzima."

Lo! Utani wa Masumbwe alishauzoea, lakini kurudia? Kumwongezea mtoto mionzi yote ile kichwani, ili saratani ije kumvizia ukubwani? Halafu tena, kama kuna damu imejificha kwenye chenga na yeye anabisha, Salome angekufa leo hii.

"Nipe dakika moja, dokta. Mtoto harudi mashineni."

Kompyuta ilikuwa imeikata picha vipande vyembamba mno. Akaviunganisha viwe vinene, akarekebisha weupe, akakaza macho. Macho yale yalijifunza kutafuta chembe ya dhahabu kwenye tope la karai la mama yake, chenga zingemtisha nini? Zikatulia. Chini ya fuvu, upande wa kulia, damu ilikuwa imetuna kama harage.

"Hiyo hapo!"

Donatus akainama, akaiona. Kisha akatoka mbio, akiwaita watu wa chumba cha upasuaji.

Siku ya tatu baada ya upasuaji, Salome alikuwa amekaa kitandani, anadai uji kwa Kisukuma, tena kwa ukali. Mama yake akauliza ni nani aliyeiona ile damu.

"Huyu," Donatus akasema, akimvuta Violeth mbele ya wodi nzima. "Mimi nilitaka kumuunguza mwanao kwa mionzi bure. Kuanzia leo watoto wote watapigwa picha kwa vipimo vyake."

"Wabeja, mwanangu, wabeja sana!" Mama Salome akashukuru, akimshika mikono yote miwili.

Violeth alijaribu kujifanya mnyenyekevu, akashindwa kabisa. Alicheka meno yote nje.